Kiraka Usoni

Jumatano, baada ya isha

Na mume wangu aliyasema mbele ya wifi yangu. Hilo ndilo linaloniuma.

Wifi Zuhura amerudi jana kutoka Nairobi. Anasema kule madaktari wanarudisha sura ya ujana kwa njia mbili. Kuna sindano za kujaza mikunjo, ila baada ya miezi dawa inaisha na lazima urudi. Au unapasuliwa karibu na masikio, ngozi inavutwa na kushonwa, na hiyo inakaa miaka.

Nilikuwa natamani, sikatai. Kioo nakiangaliaga kila asubuhi. Nikamuuliza wifi kama kovu litafichika chini ya mtandio.

Akanijibia mume wangu, fundi wa matairi. "Sindano ni kiraka tu, mama Rama. Wewe badilisha tairi lote." Wakacheka wote wawili.

Kiraka. Miaka ile ya shida, matairi hayapatikani hata Mwanza, nani alikuwa anakaa juani hapa Mwisenge kumshikia mpira akiziba? Jua lile ndilo liko usoni kwangu. Yeye alikuwaga amekaa kwenye kivuli cha gari.

Sasa kila kitu ruksa kuingizwa, duka lake linanukia mpira mpya, na uso wangu ndio umeonekana mzee.

Nimemwambia sitaki sindano wala kisu. Kisu nakiogopa kweli. Sindano bado naitaka.

Lakini nikirudi na uso laini, najua atanisimamisha mlangoni awaonyeshe wateja, kama anavyofanyaga tairi alilolifunga mwenyewe.