Ile saladi niliyoiamini

Ijumaa, saa kumi jioni. Mvua ya mawe imepiga mabati ya mtaa wetu wa Huruma mpaka sisikii redio ya jirani.

Kabichi ni kabichi. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia wiki hizi tatu zote, na ndivyo ningeendelea kujiambia kama leo asubuhi kile kipimo cha presha hakingenikataza.

Kibet wangu amelala kwenye kochi. Yeye halali mchana. Fundi wa kuchomelea mageti hulala mchana akiwa mgonjwa tu. Nimekaa kwenye stuli karibu na miguu yake na ninaandika huku nikiangalia kifua chake. Kinapanda. Kinashuka. Kikichelewa kidogo, kalamu yangu inasimama.

Nina miezi minne tu kwenye ndoa. Bado nikiamka ninaangalia ile pete kwanza kabla ya kuangalia saa. Bado akija kutoka kazini akinuka moshi wa chuma, moyo wangu unaruka kana kwamba ni mgeni. Sijamaliza kumpenda. Hata sijaanza vizuri.

Ninaogopa.

Mwezi uliopita alipimwa pale kliniki kwa sababu ya maumivu ya kichwa, na nesi akasema presha iko juu, uzito nao umezidi. Akatupa mwezi mmoja wa kujaribu chakula kwanza, kisha turudi tuonwe. Apunguze vya kukaangwa, apunguze chumvi, ale mboga. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa mstari wa mbele.

Lakini kuna Ijumaa. Ijumaa ni siku yetu ya kibanda cha chipsi mjini, mahali tulipokutana. Siku hiyo ya kwanza nilikuwa nimemaliza chipsi zangu na bado nina njaa, na mwanaume wa meza ya pili akanisukumia sahani yake akisema, "Dada, maliza tu hizi, mimi nimeshiba kukuangalia." Niambie, shajara, mtu anaachaje mahali kama hapo? Basi nikaamua hatutaacha kwenda. Kuku tutakula, tena wa kuchoma. Tutabadilisha tu kile kinachokaa kando ya kuku.

Nikafanya uchunguzi wangu. Nilinunua kila kitu kidogo kidogo, nikakileta nyumbani, nikapanga tishu nyeupe juu ya meza. Chipsi kwenye tishu moja, bhajia kwenye nyingine, ndizi za kukaanga, kachumbari, na ile kabichi nyeupe yenye karoti ambayo ukutani pale kibandani wameiandika SALADI. Nikasubiri dakika kumi kisha nikainua kila tishu dirishani. Ya chipsi ilikuwa imelowa mafuta hata ikapitisha mwanga, niliona mpaka kamba ya nguo ya jirani. Ya bhajia ilikuwa mbaya zaidi. Ya ndizi ilikuwa katikati. Kachumbari ilitoa maji tu, lakini Kibet hawezi vitunguu vibichi, anavitoa kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele.

Saladi ilitoa alama nyeupe, yenye majimaji. Nikasema haya ni maji ya kabichi.

Nikaipa ushindi. Tena nilipiga makofi, peke yangu, jikoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimnunulia saladi si Ijumaa tu, bali karibu kila siku nikitoka kazini. Sahani mbili. Na yeye, mpenzi wangu mtiifu, alikuwa anaimaliza na kuniambia, "Sikujua diet ni tamu hivi."

Hilo pekee lingetosha kunishtua. Mboga gani ni tamu hivyo?

Leo asubuhi kule kliniki namba ilikuwa imepanda, haijashuka. Nesi alipima mara mbili, kisha akabadilisha mkono. Kibet alikuwa anaangalia dari. Nesi akaandika dawa, akasema kwa upole kwamba dawa si adhabu na si kosa la mtu mmoja wala la sahani moja. Halafu akamuuliza kama baba yake alikuwa na presha.

"Baba alianguka tu," Kibet akasema.

"Alianguka na nini?"

"Alianguka kwa shamba."

"Kijana, sijauliza alianguka wapi. Nauliza alianguka na nini, ugonjwa gani."

Kibet akaangalia dari tena. Kijijini kwao Kapseret hivyo ndivyo husemwa: mzee alianguka. Yeye alikuwa darasa la sita. Alitoka shule akakuta watu wamejaa uani na ng'ombe hawajakamuliwa, akaambiwa baba ameanguka, na tangu siku hiyo hakuna aliyeongeza neno, na yeye hakuuliza. Nami nilipoambiwa habari hiyo tukiwa wachumba niliinamisha kichwa kama wengine. Nilidhani ni kuteleza. Nilidhani ni matope.

Nesi akasema anayejua ni mama, kwa hivyo tumuulize, na jibu tulilete mwanzo wa mwezi ujao tukirudi.

Tukitoka pale, Kibet akaenda kuchukua dawa, mimi nikakimbia mpaka kibandani nikaingia hadi jikoni. Mama Tabby, anayepika pale, alikuwa anakata kabichi. Nikamuuliza anaweka nini ndani ya saladi.

"Kwani ni wewe unanimalizia saladi?" akacheka. "Sahani mbili mbili, nikadhani umefuga sungura!"

Nikamwambia mume wangu yuko kwa diet.

"Diet gani, mrembo? Hii kabichi imeogelea. Mayonezi kopo nzima, sukari hapa, chumvi hapa." Akanionyesha kiganja chake, kimejaa. "Bila hiyo nani atakula kabichi mbichi na pesa yake?"

Kiganja kile hakitoki machoni pangu. Nilikuwa nikimnunulia mimi. Nilikuwa nikimwekea mbele yake na kumbusu paji la uso.

Nimemwambia alipokuja nyumbani. Nilidhani atakasirika. Alinishika mashavu akasema, "Basi umenipa sumu kwa mapenzi, hiyo ni nadra." Alicheka. Mimi sikuweza. Kisha akameza kidonge chake cha kwanza, akajinyoosha hapa kwenye kochi, na akasema neno moja ambalo hajawahi kuniambia: "Naogopa kumuuliza mama."

Na mimi namwogopa huyo mama kwa sababu yangu mwenyewe. Siku ya harusi alinishika mikono miwili akasema, "Mtoto wangu, nimekupa kijana mzito. Nisimwone amepungua, nitajua hapikiwi." Watu walicheka. Mimi, msichana wa upande wa Busia niliyekuja kuolewa kwao, niliichukua kama kiapo. Nilipomtumia picha yetu mwezi uliopita alipiga simu kunishukuru, mashavu ya mtoto wake yamejaa. Nilitembea siku nzima nikiwa nimevimba kwa furaha. Sasa nitaketi jikoni kwake na kumwambia kwamba ninataka kumkondesha mwanawe. Tena kwa makusudi. Na kabla hajapumua, nitamuuliza mumewe alianguka na nini.

Nitajibiwa nini? Na jibu likiwa lile ninaloliogopa, nitarudi nalo vipi ndani ya chumba hiki kimoja chenye kochi moja?

Kifua kinapanda. Kinashuka.

Mvua imepungua. Nimechemsha viazi na sukuma wiki bila chumvi, nimeonja, havina ladha kabisa, na nitavila pamoja naye nikitabasamu. Ijumaa ijayo tutakwenda kibandani kama kawaida. Nitabeba kachumbari yangu kwenye bakuli, isiyo na vitunguu, na Mama Tabby acheke atakavyo.

Nimempigia Mama mkwe sasa hivi, kwa sauti ya chini ili Kibet asiamke. Aliuliza mara moja, "Anakula?"

"Anakula, Mama."

"Basi mniletee nimwone. Nitachinja jogoo, na maziwa ya kibuyu yako tayari."

Nikasema neno, na kwa kuwa nimelisema siwezi tena kulirudisha: Mama, kabla mwezi huu haujaisha, tutakuja.