Kuku au Jembe

Mjukuu wangu Mmbone,

Sisi huku Kakamega ni wazima. Mahindi yamefika magotini, na mama yako alikuja Jumapili kutoka Amalemba, anakusalimu sana. Unaniuliza kama urudi nyumbani au ubaki huko Doha.

Mwaka tulipopata uhuru, mimi na babu yako tulirudi kutoka Jinja, alikokuwa akifanya kazi kiwandani. Mama mkwe alituchinjia ingokho mnono. Kesho yake akachinja kuku mwingine, na kesho kutwa mwingine. Kwetu ni mgeni tu anayechinjiwa hivyo, nikajua haamini kwamba tumerudi kukaa. Siku ya nne nilimkuta ameshika jogoo. Nikampokonya, nikamwachilia jogoo, nikachukua jembe nyuma ya mlango.

"Unaenda wapi na viatu vya mjini?" akauliza.

"Shambani kwangu, mama."

Nilivua viatu nikalima hadi jua likawa utosini. Akaja mwenyewe na kibuyu. "Mwenye shamba," akasema, "kunywa uji." Jioni tulikula mboga tupu, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Sikuamulii, mama. Niandikie tu nijue: nikushikie kuku, au nikutilie jembe mpini?

Kukhu, nyanya yako