Caritas Wanne

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Joto. Vumbi mpaka kwenye meno. Miguu imevimba tena, nimeshinda nimeipandisha juu ya katoni ya magazeti ya zamani kama malkia wa takataka.

Elvire, stagiaire wetu anayejifunza kazi kwangu, amemaliza kuingiza vitabu vya maktaba kwenye kompyuta. Vyote! Nilimsifu, anastahili. Kisha akaniita nione maajabu. "Mama Danielle, huyu Caritas Nahimana iko na kichwa! Ameandika kuku, ameandika kisukari, ameandika maombi ya Kwaresima, tena na roman, hadithi nzima!" Amevitoa vyote vinne kwenye rafu zao, amevipanga pamoja karibu na dirisha, na jina kubwa juu yake. Kompyuta ndiyo imemwambia: jina moja, mtu mmoja.

Nikamwambia hao ni wanawake wanne. Wa kuku alikuwa mtaalamu wa mifugo. Wa kisukari ni muuguzi wa Gitega. Wa maombi ni sista. Hiyo programu wametuletea watu wa mradi, na huko kwao jina ni la ukoo, baba mpaka mjukuu. Hapa kwetu kila mtoto anapewa lake. Mimi ni Nahimana – hilo sikumwambia – lakini kaka yangu si Nahimana, wala mama hakuwa Nahimana. Baba alichoka tu siku niliyozaliwa, msichana tena juu ya wasichana, akamwachia Mungu neno – ndiyo maana ya Nahimana hiyo. Na akina Caritas mji huu, utawamaliza?

"Na wa roman ni nani?" Elvire akauliza.

"Mama mmoja tu," nikasema. Ananijua kwa Mama Danielle, kama wengine wote. Sikuwa na nguvu ya kuanza kueleza kwamba ni mimi. Umeme ukakatika, akasema atarekebisha ukirudi.

Alhamisi, 4 Septemba

Asubuhi dispensari. Punguza chumvi, punguza kusimama, kasema daktari. Nipunguze kusimama! Atapika nani, mume wangu Valéry?

Nimefika maktaba mchana, Elvire ana habari. Amekuja mzee kutoka Ngagara, anaitwa Télesphore, mstaafu wa posta. Mke wake alifariki mwaka jana. Alikuwa anatafuta kitabu cha mke wake cha kufuga kuku, nakala ya nyumbani imepotelea kwa mashemeji. Elvire akampeleka dirishani: pole sana Mzee, bibi yako alikuwa mutu mukubwa, vitabu vinne! Mzee akakaa chini. Eti alijua cha kuku tu. Akaviazima vyote.

"Elvire! Si nilikwambia?" Nilimkaripia kweli. Akalia, mimi nikajisikia vibaya. Umeme haujarudi tangu Jumatatu, angerekebisha na nini? Basi. Mzee akivirudisha nitamwambia mwenyewe.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefua. Mgongo.

Nimewaza kitabu changu kutwa. *Chakula Kimefunikwa*. Nilikiandika jikoni, baada ya vyombo, miaka na miaka. Wachapishaji walitaka Kifaransa, mimi nilikitaka kwa Kiswahili, lugha tunayogombana kwayo nyumbani. Nikachapisha mwenyewe. Katoni ziko chini ya kitanda, nyingine hazijafunguliwa. Ni habari ya mwanamke ambaye kila jioni anafunika chakula cha mume na kuketi. Siku moja anachukua mfuko, anakwenda kwa dada yake Buterere, kule kwenye mashamba ya mpunga, aondoke kabisa. Jioni anarudi. Mume hajajua hata kama alitoka.

Valéry anajua niliandika kitabu. Hajawahi kuuliza kinaitwaje. Leo nikamwambia kuna mtu amekiazima. "Vizuri," akasema, bisibisi mdomoni, redio ya watu imefumuliwa mezani. Nikamwambia ugali unapoa. "Weka hapo, nakuja."

Nilikiandika ili akisome yeye. Ndiyo, niseme tu. Nani mwingine?

Jumatano, 10 Septemba

Mzee Télesphore amekuja. Mrefu, anatembea na fimbo, koti limekuwa kubwa kwake. Amerudisha kisukari na maombi – hivi vizuri, kasema, lakini bibi yangu hakusali hivi. Cha kuku anaomba akae nacho kidogo. Cha nne hakukitoa mkononi.

"Mama Danielle, ulikisoma?"

Nikasema ndiyo.

"Ile siku ya Buterere. Mi naikumbuka. Alirudi na matope ku viatu. Mi nikamuuliza tu, chakula iko wapi." Kisha akasema alidhani yeye alikuwa bwana muzuri, hakupiga, hakulewa, mushahara alileta. Kumbe mutu anaweza kukaa na bibi miaka yote asimuone.

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Alhamisi. Nikaanza: "Mzee, unajua akina Caritas ni wengi..." Akanikatiza kwa upole kabisa. "Ni wengi, ndiyo. Lakini mutu alilala pembeni yangu, sitamujua?"

Nimfanyeje mtu kama huyo? Matope nilibuni, nilisimama kwenye hilo jiko langu nikabuni matope! Na mke wake naye alirudi nayo, kwenye viatu vyake, kutoka Buterere ileile. Nikamletea kiti.

Akauliza jambo moja tu. "Kwa nini alirudi? Kitabu hakisemi."

"Alirudi kwa sababu alitaka," nikamjibu. Upesi, bila kufikiri. Akanishukuru kama nimempa dawa.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijalala vizuri. Nina hasira, na sijui ya nani.

Msomaji mmoja. Katika maisha yangu yote nimepata msomaji mmoja aliyekisoma kitabu kama kimeandikwa kwake – na anamshukuru mwanamke mwingine! Nina wivu na marehemu. Mungu anisamehe, nimeandika hivyo na sifuti.

Elvire amerekebisha kompyuta. Sasa wako Caritas Nahimana moja, mbili, tatu, nne, kama vyumba vya hoteli. Mimi ni wa nne.

Jumanne, 16 Septemba

Amekuja na Chanelle, binti yake. Jumamosi wanamaliza kilio, levée, mwaka umetimia. Mzee anataka kipande cha kitabu kisomwe mbele ya watu, kisha aombe msamaha hadharani. Macho yake yamechoka, Chanelle hataweza, atalia. Wameniomba mimi. "We unasoma na kujua vitabu, Mama Danielle."

Chanelle alipompeleka baba yake nje nilimshika mkono. Nikamwambia kwamba kitabu hicho, naogopa, si cha mama yake. Hakushtuka hata kidogo! Akasema anajua, mama hakuandika hata barua, cha kuku chenyewe alikiandika pamoja na mwenzake wa kazini. "Lakini mama, tangu akisome hicho kitabu Papa ananiuliza kama nimekula. Kila siku anauliza. Usimwambie mbele ya levée, ipite kwanza, tafadhali. Nyuma utamwambia ukitaka."

Hakuniuliza kitabu ni cha nani. Hakuna anayeuliza.

Nimekubali.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika kabla sijavua hata viatu.

Tulikwenda kwa miguu, mafuta hakuna, basi hakuna. Valéry alinisindikiza kwa sababu ya miguu yangu – na kwa sababu ya mishikaki, alisema mwenyewe. Ngagara wamefunga hema barabarani, viti vya plastiki, Fanta na bia kwenye maji ya barafu. Padri akasali. Wajomba wakasema ya kusema. Kisha protokole, mwongoza shughuli, akatangaza: tutasikia kitabu cha marehemu wetu Caritas Nahimana. Valéry akanisukuma kiwiko. "Jina lako hilo!" Akacheka. Nikasimama.

Sijawahi kukisoma kwa sauti. Sauti ilinitoka ndogo, protokole akanisogezea maiki. Nilipofika pale mume anaposema "weka hapo, nakuja," watu walicheka, wanawake kwanza, halafu hema zima. Valéry naye alicheka. Nilimwona. Halafu nikasoma safari ya Buterere, na kurudi, na sufuria bado iko juu ya meza, na mume ameinamia kazi yake haangalii juu. Hapo hakuna aliyecheka. Nilipoinua macho Valéry alikuwa anatazama mikono yake.

Mzee Télesphore akasimama bila fimbo. Akamwita mke wake kwa jina, akasema, nisamehe, ulikuwa mbele yangu na mi sikukuona. Wanaume wazima walilia. Makofi – makubwa! – ya marehemu. Nikakaa nikapiga makofi na mimi. Ningefanya nini? Na nitamwambia lini sasa? Jumatatu? Baada ya hayo aliyoyasema mbele ya mji?

Njia nzima Valéry hakusema neno. Mwanamume asiyenyamaza hata kwenye misa! Hakugusa mishikaki.

Jumapili, 21 Septemba

Nimekwenda misa peke yangu. Valéry kasema kichwa kinamuuma.

Niliporudi katoni ilikuwa katikati ya chumba, imekatwa kwa kisu. Yeye yuko sebuleni, miwani puani, redio za watu zote amezisukuma chini. Anasoma. Anasoma polepole, anafuata kwa kidole, mdomo unatembea. Nikapika. Nilipomwita hakusema nakuja. Nikafunika chakula – mkono ulikwenda wenyewe, ni mazoea, basi nikasimama pale na kifuniko nikajisikia mjinga.

Danielle alipiga simu kutoka Rumonge, anauliza mbona sauti yangu hivi. Nikasema jua.

Jioni alikuja jikoni. Kitabu mkononi, kidole ndani yake, karibu na mwisho. Nilikuwa namenya vitunguu. Alisimama mlangoni muda, akaangalia meko, akaangalia stuli yangu, kama fundi aliyeletewa kitu asichokijua. Nilifikiri atakasirika kwa vile walivyocheka watu. Nilikuwa tayari kwa hilo, nina majibu ya kutosha tangu zamani.

Akasema, "Ulirudi kwa nini?"

Ulirudi. Si alirudi.

Nikamwambia ngoja, vitunguu vimeniingia machoni, nanawa. Nimekuja huku chumbani, nimekaa kitandani kati ya katoni. Yule mzee wa watu nilimjibu upesi tu, swali hilihili. Namsikia Valéry jikoni, amevuta stuli yangu, amekaa. Hajawasha redio yoyote. Anangoja.