Harusi ya Dakika Mbili

Nyamasaria, Kisumu
Jumapili

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini goti limepata nafuu na mvua imefika huko Bondo. Mimi mzima, ila nimechoka, uchovu usioondoka kwa kulala. Naandika kwa sababu kwenye simu ningeshindwa.

Dada Dolphine ameniambia ulitazama video yangu mara nne, ukalia, ingawa ni ya Kigujarati na hukuelewa hata neno. Ngoja nikueleze. Hetal, mke wa mwenye duka letu la vitambaa, hutunga visa vya mapenzi vya dakika mbili mbili na kuviweka mtandaoni. Kigujarati nimekiokota kwenye kaunta miaka kumi na moja, basi akanivisha sari nyekundu, nikawa msichana wa duka anayependwa na mwana wa tajiri. Visa vyake vyote ni kimoja. Wanaangaliana kati ya majora ya vitambaa, mama anakataa, mvua inanyesha, mama anakubali. Mvua yenyewe ni mpira wa maji, tulirudia mara kumi na tisa, nikapata mafua. Na huyo bwana harusi ni shemeji yake Hetal, baba wa watoto watatu!

Hetal alikwama mahali pa mama kukubali, akaniuliza huyo mama wa kisa aseme nini. Nikamwambia aseme alikosea kuwazuia, sasa waende na baraka zake. Sikuhitaji kufikiri. Maneno hayo nimeyangoja kwako miaka sita.

Sasa Dolphine anasema umekubali nimlete Wakhungu, yule fundi wa stima, hata kama yeye dada yangu mkubwa hajaolewa, na kwamba wazee wakiuliza kwa nini mdogo ametangulia, utawajibu mwenyewe. Asante, Mama. Najua si jambo dogo kwako.

Lakini Wakhungu alioa mwezi wa Aprili, kwao Busia. Nilikuficha. Wala hakuniacha yeye. Januari alikuja dukani kwetu Kondele kuniuliza kama umesema lolote. Nikamwambia hujasema, na kwamba nimechoka kumwona akingoja, aende akaoe. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaenda zake. Kitambaa cha bibi harusi kilinunuliwa dukani kwetu, nikakikata kwa mkono wangu.

Nampenda bado, Mama.

Msalimie sana Dolphine, mwambie sina kinyongo naye. Msalimie na Baba mdogo Obiero. Kina mama wa kanisa wakikuuliza bwana harusi analetwa lini, waambie ilikuwa video tu.

Ni mimi binti yako,
Seline Akinyi