Kila Niliyemwonyesha Amemwona

Manzese, Dar es Salaam
6 Februari 1994

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kifua kimepoa. Mimi sijambo, joto tu ndilo linanimaliza. Mtu wa Ufipa huku anayeyuka kama mafuta ya mgando.

Nimepata kazi, Mama, na usicheke. Nachora picha za hadithi kwenye gazeti jipya. Siku hizi magazeti ya watu binafsi yameota kama uyoga. Mhariri wetu, Bwana Fahadi, ana hadithi ya jini anayejigeuza: leo mchumba wa mtu, kesho padri, keshokutwa bibi kizee mwenye fimbo. Alipojua natoka Sumbawanga akapiga makofi. "Basi wewe huhitaji kufundishwa, kwenu kwa wachawi mnao!" Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka, ningefanyaje. Lakini kila nikichora pembe na mkia ananirudishia. Anasema hayo ni ya kanda za video, hayamtishi mtu tena. Anataka sura yake ya kweli, ile iliyo chini ya sura zote.

Wewe ulikuwa ukitusimulia habari za zimwi wakati wa kupukuchua mahindi. Lilikuwa na sura gani? Nimejaribu kukumbuka, ninakumbuka sauti yako tu.

Mwanao,
Nestory

Laela
3 Machi 1994

Mwanangu Nestory,

Milele amina, na marahaba. Kifua kimepoa, sasa magoti ndiyo yameanza. Mvua ni nzuri, mahindi yamefika kiunoni.

Kwa hiyo nimekusomesha mpaka kidato cha nne ili ukachore mashetani. Haya, kazi ni kazi.

Zimwi la mama yangu halikuwa na pembe. Alisema lenyewe halina sura, linaazima. Linachungulia moyoni mwako, linaona unamngoja nani, linamvaa huyo. Ndiyo maana watu hulifungulia mlango wenyewe, tena kwa furaha. Alama yake ilikuwa moja tu: vumbi halilishiki miguuni. Linatoka mbali, kiangazi, njia yote vumbi, na miguu imetakata kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Siku nilipowasimulia hilo, ndugu yako Flavian alianza kukagua miguu ya kila mgeni aliyeingia, mpaka katekista akakasirika.

Nisamehe, kalamu imemtaja yenyewe. Kula vizuri.

Mama yako

Laela
19 Julai 1994

Nestory,

Salamu nitatoa siku nyingine.

Jana Husna, yule anayeuza maandazi stendi, alinifungia mawili kwenye kipande cha gazeti. Nilipofungua, Flavian alikuwa ananitazama. Mafuta yalikuwa yamelowesha shavu moja, lakini ni yeye. Nyusi zake zilizokutana. Jino lake la mbele lililokatika mliposhindana kufungua chupa. Ana ndevu, na amenenepa kidogo. Ana miaka ishirini na sita, kama anavyopaswa kuwa.

Aliondoka hapa na miaka kumi na tisa, kidevu kitupu. Hakuna mtu anayeweza kuchora ndevu ambazo hajaziona. Umemwona, Nestory. Yuko wapi? Kama yuko kifungoni niambie. Kama amekukataza kusema, niambie kwamba amekukataza, hilo tu litanitosha.

Maandazi sikuyala. Karatasi nimeiweka kwenye kitabu cha sala.

Mama yako

Manzese, Dar es Salaam
8 Agosti 1994

Mama,

Shikamoo. Sijamwona. Naapa mbele ya kaburi la Baba, sijamwona tangu siku ile uliyomwona wewe.

Ulisema zimwi humvaa mtu unayemngoja. Basi niliweka karatasi mezani, nikajiuliza ninamngoja nani, na mkono ukaenda. Ndevu nilizichora kwa kujitazama kwenye kioo. Nilipomaliza nilitaka kuichana, lakini Bwana Fahadi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaichukua. Sasa gazeti linagombaniwa, na watu wanatuandikia kwamba wageni wakibisha hodi wanawatazama kwanza miguu.

Kuna jambo nimekaa nalo miaka saba. Safari ile ya Tunduma, ya magunia ya maharage, ilikuwa zamu yangu. Sikuwa na homa, Mama. Nililiogopa lile lori, breki zake kila mtu alizijua. Nikajikunja kitandani, na Flavian akapanda badala yangu huku anapiga mluzi, asirudi mpaka leo. Ilipaswa kuwa mimi. Naliandika kwa sababu kulisema siwezi.

Hadithi inaisha Oktoba. Jini atachomwa moto. Ukiiona usishtuke, ni wino tu.

Mwanao,
Nestory

Tunduma
25 Septemba 1994

Mwanangu,

Hujambo? Usishangae anwani. Nimefikia kwa Cornelia, binti wa shangazi yako, amenipokea vizuri. Habari ya zamu nimeisoma. Sitaijibu leo.

Umesema hujamwona, lakini mkono wako umejua kitu. Nilichukua ile karatasi nikapanda basi. Nilianza na makuli wa mpakani, na kila niliyemwonyesha alisema amemwona. Kila mmoja, Nestory! Kuli mmoja akasema, "Huyu mbona tunamjua sana, mama." Muuza mitumba akaita wenzake, nao wakaitikia, ndiyo, tunamjua. Nilipiga magoti palepale, juu ya mahindi yaliyomwagika, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo dada mmoja akaniinua, akaniuliza taratibu, "Mama, jini wa gazetini unamtafutia nini?"

Walicheka. Mmoja hakucheka. Alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama miguu yangu.

Nimekaa siku nne hapa nikiwaza jambo moja. Sasa nchi nzima inaijua sura ya mwanangu. Kama yu hai, na siku moja akabisha hodi kwa watu usiku akiomba maji, watamfanya nini? Na wakishaona katika hadithi yenu kwamba dawa yake ni moto?

Sijakuomba kitu tangu uende Dar. Leo nakuomba. Usimchome.

Mama yako

Manzese, Dar es Salaam
14 Oktoba 1994

Mama,

Shikamoo. Nimembembeleza Bwana Fahadi siku tatu. Amekataa. Toleo limeshatangazwa, wasomaji wanausubiri moto, na nisipochora mimi atachora mwingine kwa kuigiza sura ileile. Basi nimechora mimi.

Flavian hakuchomwa. Kabla hawajawasha kuni nimemgeuza jini sura kwa mara ya mwisho, na nikaandika chini ya picha kwamba hii ndiyo sura yake ya kweli, zile nyingine zote alizikopa kwa watu wasio na hatia. Atakayemwona Flavian sasa hatamdhuru.

Nakusihi usilitafute toleo hili. Lakini likikufikia, ujue kwamba nimetimiza zamu yangu.

Nestory

Laela
20 Novemba 1994

Nestory mwanangu,

Sikuulizi hali yako, naogopa jibu.

Nimeliona. Husna alilileta likiwa limekunjwa, akanitazama usoni, akaondoka bila kuaga. Aliye kwenye moto ni wewe. Umejichora masikio ya baba yako na ile shingo ndefu niliyokuwa nikikutania. Umefungwa kwenye nguzo na watu wanashangilia, na hakuna hata mmoja uliyemchora akilia.

Nitakuambia kilichonipata, maana siwezi kukaa nacho. Nilipofungua ukurasa na kukuta si Flavian, nilisema, "Afadhali." Nilisema kwa sauti, peke yangu, jikoni. Machozi ya kukulilia wewe yalikuja, na mpaka sasa hayajakauka, lakini yalikuja ya pili. Ujue hivyo.

Sasa ile zamu. Nilijua huna homa. Nilikugusa paji la uso asubuhi ile, lilikuwa baridi. Na mimi nililiogopa lile lori. Dereva alikuwa ananuka pombe tangu alfajiri, na magunia yangeweza kulala wiki nyingine, hakuna ambaye angekufa njaa. Ningesema neno moja mngebaki wote. Lakini nilikuwa nimeshapatana na mnunuzi, nikasema mmoja lazima aende. Nikakufunika blanketi. Nikatoka nje nikamwita Flavian.

Kati ya wanangu wawili nilichagua wa kubaki, na nilikuchagua wewe. Baada ya hapo kila nikikutazama naliona nililolifanya, nikaacha kukutazama. Nadhani uliliona hilo, na ndilo lililokupeleka Dar. Miaka saba nimekuacha ubebe mzigo wangu ukidhani ni wako, na nilipousoma kwenye barua yako nikasema nitajibu siku nyingine.

Hukumtupia mtu zamu yako. Niliigawa mimi.

Usiniandikie tena. Bahasha ikija sitaifungua. Nakutaka wewe mwenyewe, hata ukija mikono mitupu. Basi la kutoka Mbeya linafika hapa saa tisa. Niko stendi tangu jana.

Mama yako