Vitone Tisa Nilivyovihamisha

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Ijumaa asubuhi, tarehe 9 Mei.

Mpendwa Mjomba,

Pokea salamu za mpwa wako anayewashinda wajomba wote kwa akili, ingawa leo akili yenyewe imenikimbia. Habari za kambini? Mgongo vipi, na visima vinatoa maji au bado mnachimba vumbi na kulipiga picha? Nimetumia karatasi kwa sababu simu yako, kama wewe mwenyewe siku ya kufua nguo, haipatikani. Dereva wa lori la vifaa amenipa mpaka saa nane, kwa hiyo mwandiko ukikimbia, kimbia nao.

Sisi hatujambo, nikisema hivyo kwa adabu ya barua. Dada yako yuko hospitali tangu alfajiri, si kwa ugonjwa wake. Shemeji yako yupo uani, amekaa tu. Mdogo wangu Chiriku naye nitakueleza mbele. Naogopa kuanza naye.

Kwanza jua kwamba nimerudi shule. Cheka, kisha uendelee. Miaka mitatu niliyoacha shule nikipasua betri za magari kutwa na baba na kuyeyusha madini yake ya risasi, wenzangu wamemaliza, na sasa nakaa dawati moja na watoto ambao sauti zao hazijavunjika. Wananiita Babu. Lakini kwenye kompyuta mimi ndiye mfalme. Mtandao ukikatika, hata mwalimu mkuu huuliza Babu yuko wapi.

Mwalimu wetu wa sayansi tumempa jina la Bi Kwanini. Mjomba, huyu mama hafundishi kama tulivyofundishwa. Ukimuuliza swali anakurudishia, kama muuza duka asiyetaka noti yako iliyochanika. Kila kundi linatafuta swali lake mtaani, linakusanya ushahidi, linasoma kwenye intaneti waliotangulia wamesema nini, halafu linaweka kila kitu kwenye ukurasa wa darasa ambao mtu yeyote anaweza kuufungua. Mwanzoni nilidhani ni uvivu wake. Kumbe anatuchosha sisi.

Swali la kundi letu alilileta binti wa fundi cherehani, jirani wa ukuta wa pili: kwa nini watoto wengi wa mtaa huu wanaumwa tumbo? Mimi nikasema jibu ninalo tayari, ni lile bomba la maji la kona, tusipoteze viatu. Bi Kwanini akasema, "Vizuri, Babu. Basi ramani itakuunga mkono."

Tukapita nyumba thelathini na moja na simu ya darasa. Nyumba yenye mtoto anayeumwa inapata kitone chekundu kwenye ramani ya mtandaoni, isiyo naye inapata cha kijani. Kitone cha kwetu nilikiweka mwenyewe, kwa ajili ya Chiriku. Tulipomaliza, binti wa fundi akaigeuza kompyuta tuione vizuri. Vyekundu vilikuwa kumi na vinne, na havikulizunguka bomba. Vilitukumbatia sisi, Mjomba. Uwanja wa baba wa kuyeyushia betri ulikuwa katikati kama moto uliozungukwa na watu wanaoota.

Nilicheka. Nikasema ramani imelewa. Siku ile ile nikaingia mtandaoni peke yangu kutafuta habari za risasi, ili niwe na la kuwajibu. Nilisoma ukurasa wa madaktari mara tatu. Tumbo kuuma, damu kupungua, kusahausahau, kushindwa kutulia darasani, watoto wadogo kuchelewa kusema au kuacha. Unakumbuka kwa nini tulimwita Chiriku? Alikuwa haufungi mdomo. Sasa ana miaka minne na anaonyesha kwa kidole. Na mimi niliyeacha shule kwa sababu herufi zilikuwa hazikai kichwani, nikachapwa na kuitwa mvivu, nilikaa mbele ya kile kioo nikahisi kuna mtu amechungulia nyumbani kwetu na kuandika.

Sasa hapa ndipo utakaponichukia. Nilifikiria baba, mikono yake, watu wa mtaa wakija na mawe. Mimi ndiye niliyekuwa na ruhusa ya kubadilisha ramani. Nikavishika vitone tisa, kimoja kimoja, nikavivuta mpaka karibu na bomba. Kazi ya dakika mbili. Nikajipongeza hata.

Sikujua mambo mawili, mimi mfalme wa kompyuta. La kwanza, ukurasa ule unaweka kumbukumbu ya kila badiliko, saa yake na jina la aliyelifanya. La pili, mwenyekiti wa mtaa ana mtoto darasani kwetu, na huufungua ukurasa kwenye simu yake. Jumatatu akaja na mnyororo na kufuli, akalifunga bomba la kona. Alitusifu wanafunzi mbele ya watu. Nilisimama pale nikisifiwa.

Bomba likafungwa, watu wakanywe wapi? Kwetu, Mjomba. Tangi letu la maji ya mvua liko chini ya bati lile lile ambalo moshi wa tanuru hulipaka kila siku. Jumanne asubuhi nilifungua mlango nikakuta foleni ya ndoo imefika barabarani. Dada yako, kwa ukarimu wake, anawafungulia na kuwaambia wasiwe na haya. Mtoto wa fundi cherehani, yule mdogo, alijinywea papo hapo kwa kiganja.

Jumatano Bi Kwanini alinibakisha darasani.

"Babu, naona vitone vimehama."

"Labda vimetembea, mwalimu."

"Kwa miguu ya nani?"

Aliigeuza kompyuta, jina langu likiwa limeandikwa pale mara tisa. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema, "Jumatatu ijayo wazazi na bwana afya wanakuja kuona kazi zenu. Kwa bwana afya mwenyewe nakwenda leo hii, hilo halisubiri. Ramani uliiharibu wewe, utairudisha wewe. Na kwenu utasema wewe, kabla hawajaambiwa na mtu mwingine." Nilivirudisha vyote tisa mbele yake.

Nilikimbia nyumbani nikiwa na hotuba nzima kichwani. Kufika langoni nakuta ndoo sita, na hotuba ikayeyuka. Kilichonitoka ni kwamba paka amefia ndani ya tangi. Mjomba, uongo huo ulifanya kazi kuliko ukweli wowote niliowahi kusema. Walimwaga maji huku wakitema mate, wakaondoka. Dada yako naye akayamwaga ya mtungini.

Lakini baba si mtu wa kumwachia paka tangi lake. Jana asubuhi aliegemeza ngazi, akapanda na fimbo, akakoroga. Nikiwa chini nimeshika ngazi, nasikia fimbo inagonga pembeni, inagonga pembeni.

"Paka wa rangi gani?"

"Baba, hakuna paka."

Akashuka taratibu. Nikamwambia yote nikiwa bado nimeishika ngazi, kwa sababu nilihisi nikiiachia nitaanguka mimi. Nilingoja kofi. Badala yake akakaa juu ya rundo la betri, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo ramani." Nikamfungulia kwenye simu. Hasomi, unajua, lakini njia za mtaa huu anazijua kwa miguu. Alizifuata kwa ukucha wake mweusi, akiitaja kila nyumba kwa jina la mwenyewe, na mimi nikiitikia ndiyo, ndiyo, mpaka akafika kwetu.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha Chiriku."

"Na wewe?"

Nikamwambia mimi hatukunihesabu, tulihesabu watoto. "Ulikuwa na miaka kumi, bado uko shule, nilipokupa nyundo," akasema. Tanuru halijawashwa tangu jana.

Jana hiyo hiyo bwana afya alikuja, bomba la kona likafunguliwa, na tangi letu likafungwa kwa ule ule mnyororo. Leo dada yako amempeleka Chiriku kutolewa damu ya kupimwa risasi, na wiki ijayo ni zamu yangu. Majibu huchukua siku kadhaa. Nimesoma kwamba risasi ikishatolewa nyumbani mtoto anaweza kupata nafuu. Nimesoma pia kwamba kuna yasiyorudi. Kurasa hizo mbili nazisoma kwa zamu.

Mjomba, omba ruhusa uje. Jana jioni baba alinitaka nimsomee ile orodha ya nyumba kumi na nne mpaka akaishika kichwani. Hataki wasikie Jumatatu shuleni, wala kwa bwana afya. Kesho asubuhi tunapita mlango kwa mlango, yeye na mimi. Amesema nitabisha hodi mimi, yeye ndiye atakayesema. Mlango wa kwanza ni wa fundi cherehani. Yule mtoto aliyekunywa kwa kiganja ndiye huwa anakuja kufungua.

Nisalimie wachimbaji wenzako na mpishi wenu mwenye makelele. Dada yako anakusalimu, shemeji yako anakusalimu ingawa hajasema, na Chiriku nampa mdomo wangu akusalimu. Mungu akushikie huko uliko, na hapa atushikie mlango.

Mpwa wako anayekupenda, na kwa mara ya kwanza hana la kujisifia,

Babu wa Darasa