Mlango Wameubeba, Mimi Nipo

Mwanangu, katibu wa chama cha wafanyakazi,

Natumaini huko mkutanoni unakula vizuri. Mimi mzima, ila goti. Kuku wetu ametotoa saba.

Jana meneja alituma mafundi wakang'oa mlango, eti nyumba ya kiwanda si ya mama wa mgomaji. Nikawaambia, "Mlango bebeni, wanangu, mimi sibebeki." Wakaona haya. Naogopa, sikufichi, lakini nimetundika shuka na sitoki.

Nasikia chama kinataka kuwapangishia viongozi nyumba, nawe unakataa, usije ukasemwa kwamba unakula michango ya wenzako. Wacha waseme! Mimi sikusoma, lakini anayekupa paa ndiye anayekushika ulimi; heri ushikwe na wenzako kuliko meneja. Mwaka juzi msumeno wa kiwandani ulimkata jirani yetu vidole, nawe ukanyamaza kwa sababu ya nyumba hii. Niliona, sikukuuliza.

Jirani huyo ndiye ameketi hapa mlangoni kunilinda. Anasema, "Mwambie katibu akubali nyumba ya chama, halafu tumsikie akisema."

Kesho mkizipigia kura nyumba hizo, inua mkono, baba. Wewe vidole vyako vyote unavyo.

Mimi mama yako, nisiye na mlango.